Blogu ya Kuku na Maoni Yaliyotupwa

Kwa wiki sita, blogu ya Edah Navalayo ilitupa maneno ya wasomaji wake, na kuku wa wasomaji hao walikuwa wakifa. Edah hakujua. Lakini ni yeye mwenyewe aliyeiagiza blogu iyatupe.

Edah anaishi Mayoni, si mbali na soko. Mume wake, Sammy Were, analima miwa. Wana watoto wawili, na mkubwa anaitwa Shirleen. Zamani Edah aliuza mayai sokoni, na kila aliyenunua mayai alikuwa na swali. Kuku wangu hatagi, nifanyeje? Vifaranga wangu wanakohoa, niwape nini? Edah alikuwa na majibu mengi kwa sababu alipenda kuuliza. Alimuuliza afisa wa mifugo, aliwauliza wafugaji wakubwa, alisoma. Mwishowe akaanza kuyaandika majibu hayo kwa simu na kuyaweka kwenye mtandao. Hiyo ndiyo blogu. Ni kama gazeti dogo la mtu mmoja. Tofauti ni kwamba chini ya kila makala kuna nafasi, na msomaji yeyote anaweza kuandika maoni yake hapo.

Blogu aliiita Kuku wa Boma. Watu wa Matungu waliisoma, kisha watu wa Mumias, kisha watu wa Lugari na Buyangu. Kufikia mwaka wa tatu, kampuni moja inayouza chakula na chanjo za kuku ilimtafuta. Ilitaka kutangaza bidhaa zake humo. Tangu hapo kuandika kukawa kazi yake ya kila siku. Alfajiri alifungulia kuku na kupika chai. Watoto wakienda shule, alifuta meza ya jikoni, akaweka kompyuta, akaandika mpaka saa sita.

Mtu wa kampuni aliitwa Sydney. Alikuwa kijana mwenye adabu na haraka nyingi. Mkataba wake ulikuwa na sharti moja ambalo Edah alilisoma mbiombio: Sydney angesoma kila makala kabla haijatoka, na angeweza kubadilisha anachotaka.

Mwanzo wa mwezi wa tatu Edah aliandika makala kuhusu ugonjwa wa kideri. Kila mfugaji anaujua. Kuku anaharisha kijani, shingo inapinda, anahema kwa shida, na boma zima linaweza kuisha ndani ya wiki moja. Ugonjwa huu hauna dawa. Una chanjo tu. Edah alieleza jinsi ya kuchanganya chanjo hiyo na maji ya kunywa. Kisha akaandika onyo: msitumie maji ya mfereji, kwa sababu yametiwa dawa ya kuua viini, na dawa hiyo inaua chanjo pia. Tumieni maji ya mvua au ya kisima.

Sydney alipiga simu saa ileile.

"Madam, makala ni nzuri. Lakini hii sehemu ya maji tuitoe."

"Tuitoe kwa nini? Hiyo ndiyo muhimu."

"Mteja akisoma usifanye hiki, usifanye kile, anaona chanjo ni kazi ngumu. Anaacha kununua. Andika tu maji safi ya kunywa. Si inatosha?"

"Afisa wa mifugo ndiye aliyeniambia nisisitize."

"Afisa hauzi chanjo, madam. Mimi nauza. Na bosi wangu anaingoja hii makala leo."

Karo ya Shirleen ilikuwa inatoka kwa kampuni hiyo. Edah akaitoa sehemu ya maji. Makala ikatoka tarehe nne mwezi wa tatu. Mwishoni Edah aliweka tangazo: Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nne, wasomaji wote tuchanje pamoja mara ya pili.

Siku mbili baadaye yakaingia maoni ya mtu wa Lugari, jina lake Chrispinus. Yalianza hivi: "Tangu lini mtu asiyekula imondo akatufundisha mambo ya kuku?"

Hapa lazima tueleze kidogo. Imondo ni firigisi. Katika nyumba nyingi za Waluhya, kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mama anapika kuku mzima, anajua kila kiungo chake, lakini imondo anaipita. Siku hizi wapo wanaume wanaogawa, na wapo wanawake wanaokula wakanyamaza. Lakini utani wa imondo haujaisha, na kwa mwanamke anayeandika kuhusu kuku ulikuwa ukimngoja tu.

Edah alisoma mstari huo wa kwanza, akahisi joto usoni. Hakusoma wa pili. Akafuta yote.

Lakini watu walikuwa wameshauona. Wengine wakaudaka. Mmoja akaandika, "Mwandishi, leo umepewa imondo ama bado?" Mwingine akaandika, "Mwambie mzee akuonjeshe imondo ndio uandike vizuri." Kufikia jioni yalikuwa maoni kumi na tano. Edah alimwonyesha Sammy, akitumaini atakasirika naye. Sammy alicheka mpaka akakohoa.

"Unacheka nini?"

"Mama Shirleen, kwani ni uongo? Imondo si yangu?"

"Baba Shirleen, hii ni kazi yangu. Inakulisha hata wewe."

"Naona. Pole. Lakini huyu wa kuonjeshwa ameniua."

Edah alifungua kompyuta, akaenda mahali pa maneno yanayozuiwa. Kila blogu ina mahali hapo. Ukiandika neno fulani, mashine inayakamata maoni yote yenye neno hilo kabla hayajaonekana. Unaweza kuiambia iyaweke kando uyasome kwanza, au iyatupe pipani moja kwa moja. Edah aliandika neno moja: imondo. Akachagua pipa.

Kesho yake kukawa kimya. Maoni yaliyobaki yalikuwa ya asante na hongera. Edah alifurahi. Alimwambia Sydney kwamba wasomaji wametulia, na Sydney akasema bosi amependa. Wiki zikapita. Mvua za masika zikaanza, miwa ikanenepa, na Edah akaandika makala juu ya mabanda, juu ya minyoo, juu ya kuku wa kuatamia. Maoni yalikuwa machache kuliko zamani. Alidhani watu wako shambani.

Tarehe kumi na tano mwezi wa nne, siku ya Jumatano, bodaboda ilisimama langoni asubuhi mvua ikinyesha. Akashuka mwanamke mwembamba aliyejifunika karatasi ya nailoni. Edah alitoka kumkaribisha.

"Simama hapo hapo, dada," mwanamke alisema. "Usinikaribie. Siingii kwako."

"Kwa nini? Ingia, mvua itakupiga."

"Una kuku. Viatu vyangu vimetoka kwa boma lenye ugonjwa. Wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha hilo."

Edah alisimama upande wake wa lango, yule mwanamke upande wa nje. Aliitwa Mitchel. Alitoka Mumias, mjini. Alikuwa na kuku mia moja na arobaini, na alikuwa amewachanja kama Edah alivyoandika, siku ileile makala ilipotoka.

"Wanakufa," Mitchel alisema. "Kila siku nazika. Nimekuandikia mara nne. Ungenijibu hata neno moja tu."

"Sijaona kitu kutoka kwako. Nakuapia."

"Nimekuandikia," Mitchel alirudia. Hakupaza sauti. Akatoa simu kwenye nailoni, akainyoosha juu ya lango. "Soma. Nilijiwekea nakala."

Edah alisoma. "Mwandishi, naomba msaada. Kuku wangu wanaharisha kijani. Nimemchinja mmoja aliyekuwa anakufa, nikampasua nione. Karibu na imondo kuna madoa ya damu. Ni nini hiyo?"

Edah aliliona neno lile, akajua papo hapo.

"Uliwachanja kwa maji gani?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Maji safi, kama ulivyosema. Ya mfereji. Mjini kuna mengine?"

Ua wa boma la jirani ulitikisika. Mama mmoja mwenye koti la mvua alitokea huku ameshika mboga. Huyu alikuwa Priscah Jepkorir. Ni mzaliwa wa Nandi, aliolewa hapa Mayoni. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kituo cha redio mjini Kakamega. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wasikilizaji na kuamua nani aende hewani. Edah alimjua vizuri, walisaidiana chumvi na moto, lakini hakuwahi kumuuliza lolote kuhusu kazi. Aliona redio na blogu si za ukoo mmoja.

"Nimesikia," Priscah alisema. "Sikuwa nasikiliza makusudi, lakini nimesikia. Edah, hilo pipa lako umelifungua lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi."

"Lete kompyuta hapa barazani. Huyu dada aone akiwa huko huko."

Wakalifungua. Ndani mlikuwa na maoni tisini na moja. Hayo yalikuwa ya mwezi mmoja tu, kwa sababu pipa hilo hujimwaga lenyewe kila baada ya siku thelathini. Ya nyuma yalikuwa yamepotea.

Priscah alivuta kiti. "Soma yote. Kwa sauti. Usiruke."

Edah akasoma. Utani wa imondo ulikuwa mara ishirini na mbili. Maoni yaliyobaki, sitini na tisa, karibu yote yalikuwa ya watu wanaofiwa na kuku. Mfugaji akiona kuku wanakufa, anachinja mmoja na kumpasua. Anatazama ini, anatazama imondo. Ndiyo njia ya watu wa huku ya kutafuta ugonjwa, tangu zamani. Kila aliyepasua na kueleza alichoona, mashine ilimtupa.

Katikati yalikuwepo ya Chrispinus. "Hii ni mara ya nne naandika. Wewe mama usiyekula imondo, usinifute tena. Maji ya mfereji yana dawa, dawa inaua chanjo. Mwaka juzi nilizika kuku sitini kwa kosa hilohilo. Waambie watu wako, wataumia."

Edah alifunika uso. "Mara ya kwanza niliyafuta kwa mkono wangu. Nilisoma mstari wa juu peke yake."

"Ana mdomo mbaya," Priscah alisema.

"Mbaya sana."

"Na anasema kweli. Kwenye redio niliwapata hao kila siku. Mtu anapiga simu, anakutukana wewe na mama yako, halafu mwishoni anakwambia daraja limebomoka na gari la shule liko njiani. Ukikata simu kwa sababu ya tusi, umekata na daraja. Mimi nilikuwa namwambia, bwana, hilo tusi halitaenda hewani, sasa niambie habari ya daraja polepole. Nilikata tusi. Mtu sikumkata."

"Kwa hiyo nisifute chochote?"

"Nani amesema? Blogu ni yako, na wewe ndiye mhariri. Mhariri lazima achuje. Mtu akitisha mwenzake, toa. Akitukana kabila la watu, toa. Akianika namba ya simu ya mtu mwingine, akileta utapeli wa pesa za haraka, toa bila kuomba ruhusa. Lakini usitoe kwa sababu amekuaibisha, au amekukosoa. Na ukitoa, sema umetoa na useme kwa nini. Mtu asikae akidhani unamdharau."

Mitchel aliongea kutoka langoni. "Mimi nilidhani ananidharau."

Edah hakuweza kumtazama.

"Na hii mashine?" aliuliza.

"Mashine haijui kusoma. Inajua kukamata tu. Iambie iweke kando, isitupe. Kila asubuhi kabla ya kuandika, soma kwanza yaliyowekwa kando, mpaka mstari wa mwisho. Hiyo nayo ni kazi ya mwandishi kama kuandika kwenyewe."

Edah akakumbuka jambo, akaruka kitini. "Jumamosi. Niliwaambia wote wachanje tena Jumamosi hii. Wenye vifaranga wapya, wenye kuku waliopona, wote. Watatumia maji yaleyale."

"Leo ni Jumatano," Priscah alisema. "Una siku mbili na nusu. Andika."

"Makala haitoki bila Sydney kuisoma."

"Basi mpigie huyo Sydney."

Akampigia, sauti ikiwa wazi ili wote wasikie. Sydney alisikiliza mpaka mwisho. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Madam, pole sana kwa hao kuku. Kweli pole. Lakini naomba tungoje mpaka Jumatatu. Bosi anakuja Jumatatu, tutaongea naye tutafute maneno mazuri."

"Jumatatu watakuwa wameshachanja."

"Ukiandika sasa kwamba chanjo haikufanya kazi, watu watasema chanjo yetu ni mbovu."

"Chanjo yenu ni nzima. Maji ndiyo yalikuwa mabaya. Na mstari wa maji tuliutoa mimi na wewe."

Sydney akasema, "Madam, mimi nimetumwa tu. Mkataba unasema nisome kwanza. Ukitoa bila mimi, watavunja. Na mimi siwezi kukutetea, kazi yangu pia iko hapo."

"Nimekuelewa, Sydney," Edah alisema, na hakusema kwa hasira. Akakata.

Sammy alikuwa amerudi kutoka shambani, amesimama mlangoni, maji yakimdondoka. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Ukiandika, kampuni inaenda," alisema.

"Inaenda."

"Na karo ya muhula ujao?"

"Sijui, Baba Shirleen. Sijui kabisa."

Sammy alimtazama Mitchel aliyelowa nje ya lango. Akaenda akachukua mwavuli wa kanisani, akampelekea, akaushikilia juu yake kupitia lango. "Andika," akamwambia mkewe bila kugeuka. "Huyu mama amesimama kwa mvua ili asituletee ugonjwa. Wewe utamwambia nini?"

Edah aliketi. "Nianze vipi? Niifute ile makala ya kwanza?"

"Hapana," Priscah alisema. "Ukiifuta, wanaofuata maelezo ya zamani hawatajua kwamba yamebadilika. Iache palepale. Juu yake kabisa, kabla ya neno lolote, andika kosa lilikuwa nini, sahihi ni nini, na tarehe ya leo. Halafu andika makala mpya, iseme hivyohivyo. Usizunguke."

Edah akaandika: "Nilikosea. Katika makala hii nilisema mtumie maji safi ya kunywa. Nilijua kwamba maji ya mfereji yanaua chanjo, na nilikuwa nimeandika onyo hilo. Nililiondoa kwa sababu mdhamini wangu aliniomba. Chanjo si mbovu. Jumamosi tumieni maji ya mvua au ya kisima. Kama huna ila ya mfereji, mwone afisa wa mifugo kwanza. Kuku wasinywe maji kwa saa moja au mbili kabla, ili wanywe yote haraka. Kuku aliyeugua tayari chanjo haimponyi. Wagonjwa watengeni, waliokufa wachomeni au wazikeni shimo refu, msiwauze wala msiwape mbwa. Na maoni yenu tisini na moja niliyatupa bila kuyasoma. Leo nimeyasoma yote."

Alimtazama Priscah. "Niliache hata la mdhamini?"

"Msomaji ana haki ya kujua nani analipa na ameamua nini. Liache."

Akabonyeza. Makala ikatoka saa tano na dakika kumi asubuhi.

Kisha akayarudisha yale maoni sitini na tisa, akaanza kujibu moja moja. La Mitchel alilijibu la kwanza, ingawa Mitchel alikuwa palepale langoni. "Naliona," Mitchel alisema akitazama simu yake. Alikuwa na uchovu wa mtu asiyelala. "Sasa niende nikachimbe."

Chrispinus alikuwa ameacha namba yake. Edah alimpigia mchana.

"Mulembe, baba. Ni Edah wa Kuku wa Boma."

"Mulembe, mama. Kumbe uko hai. Nilidhani umemezwa na pipa lako."

"Nimepiga kuomba msamaha. Ulinionya mapema, nikakufuta."

"Ulinifuta mara nne. Hata mke wangu hajanifuta mara nne."

"Na wewe ungeniandikia bila matusi, ningesoma."

"Hapo umenishika," Chrispinus alisema. "Nilitaka watu wacheke kwanza. Huwa nafanyanga hivyo, watu wakicheka wanasikia." Akakohoa. "Lakini kuku wamekufa. Si mambo ya kucheka. Na mimi nisamehe."

"Utarudi kuandika?"

"Nitarudi. Nikikosea adabu nitoe, lakini habari uiache."

"Hiyo ndiyo sheria mpya, baba. Nimeibandika leo."

Kweli alikuwa ameibandika, juu ya nafasi ya maoni, mahali ambapo hakuna anayeweza kuikosa. Ilisema nini kitaondolewa na kwa nini, na kwamba hakuna atakayeondolewa kwa kumkosoa mwandishi. Neno imondo alilitoa kabisa katika yale yanayozuiwa. Utani ulirudi siku mbili tatu, yeye akajibu mmoja kwa kicheko, ukaisha wenyewe.

Kampuni ilivunja mkataba Alhamisi. Sydney alituma ujumbe wa pole kwa simu yake binafsi, na Edah akamshukuru.

Jumamosi watu walichanja kwa maji ya mvua. Masika ilikuwa imewajalia, kila boma lilikuwa na pipa limejaa. Wengine walituma picha. Ugonjwa haukuisha siku hiyo, maana chanjo huchukua siku kadhaa kumkinga kuku. Lakini wiki ya tatu baada ya hapo, maoni ya vifo yalikuwa mawili tu. Wiki ya nne hapakuwa na hata moja. Mwezi wa saba ugonjwa ulipita tena upande wa Buyangu, na wasomaji waliochanja sawasawa waliona kuku wa majirani wakifa na wa kwao wakichakura.

Wasomaji nao waliongezeka. Mwenye duka la waya mjini Kakamega alikuja kutangaza. Analipa kidogo kuliko kampuni, na Edah hakumficha sharti lake: tangazo ni lako, makala ni yangu, huisomi kabla ya wengine. Mwenye duka alikubali. Karo ya muhula mmoja Sammy aliilipa kwa kuuza ndama, na Shirleen alichelewa shule wiki mbili.

Kabla ya hayo, mwishoni mwa mwezi wa tano, Priscah alimwambia Edah kwamba jambo moja limebaki. Waombe namba zao, uwapigie wote walioandika. Waulize walipoteza wangapi. Kisha uandike idadi hiyo kwenye blogu, kwa sababu ni wasomaji wako na ni kosa lako. Edah alipiga simu kwa siku nne. Wengine walimsamehe, wengine walimtukana, na matusi aliyasikiliza mpaka mwisho. Watu kumi na mmoja hawakupokea.

Hii ndiyo idadi aliyoiandika.

Kutoka onyo la kwanza la Chrispinus mpaka makala ya kurekebisha, siku arobaini.

Maoni yaliyotupwa na kupatikana, tisini na moja. Yaliyotupwa na kupotea, hayajulikani.

Nyumba zilizopoteza kuku, thelathini na nne.

Kuku waliokufa, mia sita na kumi na mmoja.

Mitchel wa Mumias alikuwa na kuku mia moja na arobaini. Alibaki na saba.